Skani kwanza, kutua baadaye: raha ya kusoma sayari kwenye Elite Dangerous

Wakuu, leo nataka niongelee kuskani sayari kwenye gemu ya Elite Dangerous, yani kuzichunguza kutoka kwenye meli yako ya anga, maana kila nikikaa na machalii wa hapa Arusha wanaocheza gemu za anga nasikia kilekile, kwamba raha iko kwenye kupigana na kubeba mizigo, kuskani kunaboa. Mi nabisha. Kuskani ndo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote kwenye ile gemu, kwa sababu inakufundisha kusoma alama kabla hujakiona kitu chenyewe. Na hilo nalijua kwa undani maana ndo kazi yangu, natafsiri picha za satelaiti, malisho ya Longido na Monduli, mashamba ya huku chini ya Meru, mito inavyohama, mwaka mzima nasoma mwanga ambao jicho la mtu haliuoni.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa kiwanja. Gemu imetengenezwa na Frontier Developments wa Cambridge, ilitoka Desemba 2014, na ndani yake wameweka galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota kama bilioni 400. Hamna mtu anayeweza kuchora hiyo kwa mkono, kwaiyo nyota tunazozijua zimetolewa kwenye katalogi halisi na zingine zote zinakokotolewa na injini wanayoiita Stellar Forge, inachukua masi na umri na malighafi zilizopo halafu inapiga hesabu sayari zingejikusanya vipi. Miaka saba baada ya kutoka, wachezaji wote duniani kwa pamoja walikuwa wamefika kama asilimia 0.05 tu. Yani ukitoka kidogo nje ya njia zilizozoeleka unaanza kukuta mifumo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuingia, hata walioiandika hiyo programu hawajawahi kuiona.

Sasa unaingia kwenye mfumo mpya, unapiga honi. Ni mpigo mmoja wa skana, unakwambia tu kuna magimba mangapi humu, yani nyota, sayari na miezi, hayo mengine hujui. Hapo ndo unapunguza mwendo kabisa unafungua FSS, skana ya kuchunguza mfumo mzima kutoka mbali, na skrini inabadilika, chini unaona mstari mrefu wa frikwensi wenye vilima vilima na pembeni mwa anga madoa ya bluu. Kazi yako ni kuzungusha frikwensi polepole mpaka ikae sawasawa juu ya kilima, kama mzee anavyotafuta stesheni kwenye redio ya mkulima, mkwaruzo mkwaruzo halafu ghafla sauti inanyooka. Ikinyooka unaelekeza kwenye doa, unavuta karibu, sayari inajifunua na taarifa zake zote, masi, mvutano, joto, angahewa, volkeno kama zipo, miamba ya aina gani.

Watu wengi wanaishia hapo, wanavuta kila doa moja baada ya lingine mpaka wanachoka, halafu wanasema kunaboa. Kumbe kila aina ya gimba ina eneo lake kwenye ule mstari. Mawe yana kwake, barafu kwake, majitu ya gesi, yani sayari kubwa za gesi, kwake, sayari za maji na zinazofanana na dunia yetu kwake. Tena zina sauti, vaa hedifoni, kila aina ina mlio wake na ile ya sayari inayofanana na dunia ukishaisikia husahau. Kuna dogo wa jirani hapa Njiro huwa anakuja kuangalia nikicheza, siku moja nikamwambia hilo doa ni sayari ya maji, nikavuta, ikawa ya maji. Akaniuliza, "Bro, umejuaje na hata haijafunguka?" Nikamwambia kaa na hedifoni, usiangalie skrini, angalia ule mstari tu. Sasa hivi ananiwahi yeye, anasema "achana na hilo kaka, barafu tu hiyo" kabla sijagusa kitu.

Hicho anachofanya dogo ndo ninachofanya mimi ofisini. Majani mabichi yenye afya yanameza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, mwanga tusiouona kwa macho, kwaiyo nikipata picha ya satelaiti ya Landsat, ambayo kila kipikseli chake ni kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30, nalinganisha bendi hizo mbili najua malisho ya upande gani wa Longido yako hai na wapi pamebaki udongo, bila kuwasha gari. Udongo mkavu unarudisha mwanga kivyake, maji kivyake, mwamba kivyake. Ukishazoea huangalii tena picha, unaangalia mchoro wa mwanga, na picha inakuja baadaye kuthibitisha. FSS ni toleo lililorahisishwa sana la wazo hilo, teleskopu za kweli haziwi na kitufe cha kuzungusha ukapata sayari, ila wazo lenyewe ni sahihi, kwamba kila kitu kinajitambulisha kwa mwanga wake kwa anayejua kusoma.

Halafu kuna mjadala wa zamani ambao mpaka leo haujaisha. Kabla ya apdeti ya Desemba 2018 hakukuwa na FSS, ukiwa na skana kubwa ulipiga honi moja tu mfumo mzima ukatokea kwenye ramani na picha za sayari, halafu ukitaka taarifa kamili unasafiri mwenyewe mpaka kwenye kila sayari. Kuna wakongwe wanaililia hiyo, wanasema waliweza kupepesa macho kwenye ramani wakachagua kizuri wakaenda. Nawaelewa, ile safari ya kuikaribia sayari ilikuwa na utamu wake. Ila mi naona ya sasa ni bora, maana zamani macho yalipewa jibu bila kufanya kazi, na sayari iliyo mbali na nyota yake ungeweza kusafiri muda mrefu kweli kwenda kuangalia mpira wa barafu. Sasa hivi akili inafanya kazi kwanza, meli inafuata.

Ukishaamua sayari hii inafaa, ndo unaenda na probu, vifaa vidogo vya kuchora ramani ya uso wake. Hapa unahitaji kufunga DSS, skana ya uso wa sayari inayorusha hizo probu, kwenye meli, ni moduli ya kununua, haiji yenyewe kama FSS. Unaikaribia sayari unaanza kurusha, na hizi probu zinafuata mvutano, haziendi mstari ulionyooka. Ukirusha pembeni kidogo ya ukingo wa sayari, mvutano unaikamata probu unaikunja inaenda kupiga upande wa nyuma usiouona. Sayari nzito inakunja sana, mwezi mwepesi unakunja kidogo na ukizidisha probu inapitiliza inapotea angani. Kila gimba lina lengo lake la idadi ya probu, ukifunika uso wote bila kuzidi hiyo idadi unapata bonasi ya malipo. Probu zenyewe haziishi, kwaiyo anayetaka kumwaga amwage, lakini mi napenda kusoma masi na nusu kipenyo kutoka FSS kabla ya probu ya kwanza, nakadiria itakunja kiasi gani, na ile ya nyuma ikitua nilipokusudia nafurahi kwelikweli, hiyo ni fizikia ya obiti unaishika kwa mkono. Pete za sayari nazo zinapigwa probu, wachimbaji wanatafuta humo sehemu zenye madini.

Utamu mkubwa zaidi kwangu ulikuja Mei 2021 na Odyssey, nyongeza ya gemu hii, unashuka kwa miguu kwenye sayari zenye angahewa nyembamba na kutafuta viumbe hai. FSS inakwambia kuna dalili ngapi za uhai, probu zinakwambia ni jamii gani na zinapaka ramani kuonyesha maeneo ambayo kiumbe anaweza kuota, baada ya hapo ni wewe na miguu yako. Unachukua sampuli tatu za spishi moja, na lazima ziwe mbalimbali ili vinasaba visiwe vilevile, bakteria umbali wa mita 500, zile nyasi za ndani ya gemu zinazoitwa Tussock mita 200. Na hapa ndo kusoma kunalipa hasa, maana viumbe hawajatupwa ovyo. Viumbe wanaoitwa Fonticulua wako kwenye barafu. Stratum Tectonicas, spishi inayolipa karibu kriditi milioni 19, hela za ndani ya gemu, anataka sayari yenye metali nyingi na joto linalozidi kelvini 165, yani kama nyuzi 108 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwaiyo nikiwa bado kwenye FSS naona aina ya sayari, naona angahewa, naona joto, dalili tatu za uhai, naanza kutaja nani yuko chini kule kabla hata sijarusha probu. Hata kwetu ni hivyo, ukinipa mvua, mwinuko na udongo vya mteremko wa Kilimanjaro bila picha yoyote, nakwambia hapa migomba na kahawa, pale msitu, juu kabisa mawe matupu.

Na kwa anayesema hayo ni mambo ya gemu tu hayatuhusu, kuna nyota halisi inaitwa Mpingo na sayari yake inaitwa Tanzanite. Ni majina rasmi, yalipitishwa 2019 kwenye kampeni ya IAU, umoja wa kimataifa wa wanaastronomia, ambapo kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota na sayari ya kuzipa jina, ya Tanzania ilikuwa inajulikana kama WASP-71. Jina la jiwe la Mererani limo kwenye katalogi za anga. Hiyo sayari ni jitu la gesi la moto, inaizunguka nyota yake kwa siku tatu hivi, na aliyeigundua hakuiona. Mwanga wa nyota ulikuwa unafifia kidogo sana kila sayari inapopita mbele yake, unafifia, unarudi, kwa mpangilio uleule, wakapata kipenyo cha sayari kutoka kwenye kiasi cha kufifia, na masi kutoka kwenye nyota inavyoyumba. Alama kwanza.

Ya mwisho ni kwa anayetaka kuanza. Gemu inataka intaneti muda wote hata ukicheza peke yako, ila umeme ukikatika katikati ya safari data uliyokwisha kuskani haipotei. Inapotea meli ikilipuka. Jina lako linaandikwa kwenye sayari kama mgunduzi ukishafika kituoni ukauza data, kabla ya hapo huna kitu, kwaiyo ukiwa na data ya wiki nzima usitue kwenye sayari ya mvutano mkubwa kwa haraka, namba ya mvutano umeshaisoma kwenye FSS. Funga skupu ya mafuta, kifaa cha kunyonya mafuta kwenye nyota, na uchague njia inayopita nyota za aina O, B, A, F, G, K na M, herufi zinazopanga nyota kwa joto lake, hizo ndo unaweza kunyonya mafuta. Meli ya bei kubwa sio lazima, Diamondback Explorer inatosha kabisa kufika mbali.