Kumlenga chozi asiyetulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Simba hulala saa nyingi za mchana. Chozi wa uani, yule ndege mdogo anayenyonya utamu wa maua, hakai kwenye ua moja zaidi ya sekunde chache, na ndiyo maana wengi wanaorudi na picha safi kutoka mbugani hushindwa hapa nyumbani.

Dhana: Picha ikitoka na ukungu, fokasi (ulengaji wa lenzi) imekosa.
Ikuze kwanza uitazame. Jani la nyuma likiwa safi na ndege ana ukungu, hapo kweli ulilenga vibaya. Kama hakuna chochote kilicho safi, huenda mkono ulitikisika. Na kama tawi na mwili wa ndege ni safi lakini mabawa yamefutika, kasi ya shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, ilikuwa ndogo. Kwa mnana, ndege msuka viota, anayepiga mabawa anza na 1/2000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande inavyotaka. Chenga za ISO zinavumilika, ukungu hauna dawa. Inaniuma kuona mtu akiuza lenzi nzuri kwa kosa la kupiga kwa 1/250.

Dhana: Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, fokasi ijifunge, kisha subiri.
Hiyo inafaa kwa jengo. Ukiwa na lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na ndege yuko mita 5, sehemu inayotoka safi ina kina cha takribani sentimita 5 tu kwa kamera ya sensa kubwa (full-frame). Chozi akisogea kidogo tawini, jicho limeshapotea. Tumia fokasi endelevu, inayomfuata ndege anaposogea, ile ambayo Nikon na Sony huiandika AF-C na Canon huiita Servo. Mimi nimeihamishia kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON: kidole gumba kinalenga, cha shahada kinapiga. Gumba likiachia, fokasi inabaki ilipo.

Wapo watakaokwambia ubane lenzi hadi f/11. Kina kitaongezeka mara mbili, ni kweli, lakini mwanga utabaki robo, na chini ya kivuli cha migomba 1/2000 yako inakuwa 1/500.

Dhana: Alama nyingi za fokasi, vile visanduku vya kulengea kwenye kioo cha kamera, ni bora kuliko moja.
Kwa mbayuwayu angani, sawa. Ndani ya majani kamera hupenda kushika kilicho karibu zaidi, nacho huwa ni tawi. Weka alama moja au kundi dogo, uipeleke kwenye jicho.

Dhana: Kamera zinazotambua jicho la ndege zimemaliza kazi.
Zimesaidia sana. Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony α1 ya 2021 zilibadilisha kabisa upigaji wa ndege. Ila kamera lazima imwone ndege kwanza. Lenzi ikiwa imelenga ukuta wa mbali, chozi aliye mita 5 ni doa tu, na doa halina jicho. Kabla hajafika, lenga kitu kilicho umbali uleule.

Dhana: Kulenga kwa mkono kumepitwa na wakati.
Hii ndiyo inayowanyima watu picha nyingi zaidi. Ndege wa uani wana mahali pa kurudi. Mnana dume anayesuka kiota hurudi palepale na ukoka mdomoni, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa kumwita jike. Lenga mlango wa kiota, zima fokasi ya otomatiki, kaa mbali asikuhofu, na usubiri.

Chozi naye hudhaniwa huelea hewani muda wote kama ndege wavumaji, wale wadogo wa bara la Amerika. Anaweza kuelea kidogo, lakini mara nyingi hutua ndipo anywe. Basi tafuta atakapotua. Kwangu ni ua la mgomba. Ganda la zambarau likiinuka asubuhi, vijiua vilivyo chini yake vina utamu, na chozi hushika ganda hilohilo kila anapokuja. Nalenga ukingo wa ganda, kamera ikiwa juu ya stendi, na akitua napiga picha kumi mfululizo. Ganda jingine likiinuka, ua linakuwa limeshuka kidogo, na ukingo wa kulenga si ule wa jana. Panga upya kabla jua halijapanda.