ELG si jina la fundi

Juzi kaka mmoja amenitumia picha nne za rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya mfukoni, na chini yake ameandika: "Hii ni Lefaucheux halisi ya Kifaransa, kampuni ya ELG, nimeipata kwa euro mia tisa." Nimekaa na simu mkononi muda mrefu nikitafuta namna ya kumjibu. Kazi yangu ni kukadiria thamani ya silaha za kale hapa Ubelgiji, na ujumbe wa aina hiyo naupokea karibu kila wiki. Watu wanapoteza fedha zao, na inaniuma. Acha niyaandike haya mahali pamoja, niwe nawaelekeza hapa.

ELG si kampuni wala si fundi. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya silaha ya mji wa Liège: herufi tatu, nyota chini yake, vyote ndani ya duara lenye umbo la yai. Maana yake ni jaribio la Liège. Silaha ilijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ikafyatuliwa, isipopasuka ikagongwa muhuri. Ni sawa na muhuri wa bwana afya kwenye paja la ng'ombe buchani: unakuambia nyama imekaguliwa, haukuambii ng'ombe alikuwa wa nani. Mafundi wa Liège walikuwa wengi mno, na wote walipitisha kazi zao pale pale.

Muhuri huo ulianza 1810, wakati Liège ilipokuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon, na hapo ndipo wauzaji wanapopata kisingizio cha kuiita silaha ya Kifaransa. Lakini Eugène Lefaucheux, Mfaransa ambaye jina lake linatajwa hapa, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya rivolva yake 1854, na Ubelgiji ilikuwa nchi huru tangu 1830. Rivolva ya pini, yaani ya mfumo huo wake ambao risasi zina pini pembeni, ikiwa na ELG ilijaribiwa Ubelgiji. Hakuna njia ya kulizunguka hilo.

Nimeikuza picha ya tatu ya huyo kaka. Kwenye silinda, pembeni ya ELG, ipo herufi R ndogo yenye taji juu yake. Hiyo ni alama ya mkaguzi, nayo ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Herufi yenye taji ilitumika kati ya 1853 na 1877; baada ya hapo taji likaondoka, ikaja nyota juu ya herufi. Na kama taji limekaa juu ya duara lenyewe la ELG, hiyo ni 1893 au baadaye. Mataji haya mawili watu huyachanganya kila siku, kisha wanaiongezea au kuipunguzia silaha miaka ishirini. Tazama taji limekaa juu ya nini: juu ya herufi moja, au juu ya duara?

Sasa jina lenyewe. Casimir Lefaucheux wa Paris ndiye aliyeipa dunia risasi ya pini katika miaka ya 1830, na rivolva ya mwanawe Eugène ikachukuliwa na jeshi la majini la Ufaransa 1858. Mfumo ukaigwa kila mahali, na watu wakaanza kuita "Lefaucheux" kila bastola yenye pini zinazochomoza kwenye silinda, kama tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti. Ya kwake mwenyewe huwa na maandishi E. LEFAUCHEUX INVR BREVETÉ juu ya mtutu, na kwenye fremu herufi L na F zenye kijibastola katikati, pamoja na namba. Nikiviona vyote viwili ndipo naanza kuamini. Rivolva ya huyo kaka, ya risasi za milimita 7, triga ya kukunja, haina hata kimoja.

Ina S.G.D.G., ambayo muuzaji alimwambia ni dhamana ya serikali. Ni kinyume kabisa! Sheria ya Ufaransa ya 1844 ilitoa hataza bila kuuchunguza uvumbuzi, na herufi hizo zinasema hivyo waziwazi: bila dhamana ya serikali.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Wauza silaha wa Ufaransa walinunua bidhaa Liège na kuchora majina ya maduka yao juu ya mtutu. Rivolva ya namna hiyo ni ya nchi gani? Mimi huandika "Liège, iliuzwa Ufaransa". Mwenzangu ninayemheshimu huandika "Ufaransa", na sijafaulu kumshawishi. Mara nyingi zaidi hakuna jina lolote, naandika "fundi hajulikani" na kuishia hapo, ingawa mwenye mali huondoka amenuna.

Mpini mweupe nao si lazima uwe pembe ya ndovu. Tazama kwenye kitako: pembe ina mistari inayokatana kama wavu, mfupa una vidoadoa vyeusi. Na kama ni pembe kweli, uliza sheria kabla hujaitangaza mnadani. Walioko nyumbani Afrika Mashariki, nendeni polisi kwanza kabla ya kununua, kuuza au kusafirisha bastola yoyote, hata iwe na kutu kiasi gani.

Bei? Rivolva ya kawaida ya Liège ya milimita 7, nzima, silinda inazunguka na kusimama sawasawa, mnadani huku huwa kati ya euro 80 na 150. Ikiwa na nakshi nzuri na kasha lake, inapanda. Wakikutana watu wawili wanaoitaka siku hiyo hiyo, hesabu yangu inavunjika, na hilo siwezi kulithamini mapema.

Nimemwandikia kaka yote haya, nikamwomba picha ya upande wa kulia wa fremu. Ameituma usiku. Chuma kinang'aa kama kijiko kipya. Ameipiga msasa na nta ili herufi zisomeke vizuri, na ile R yenye taji imebaki kivuli tu.