Mgeni wa Python akiomba msaada, msimwambie "nenda Google"

Wakuu, magrupu ya Telegram na WhatsApp ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) nimekaa nayo muda mrefu najibu maswali, na kuna kitu kinaniuma kweli. Mtu anaingia mgeni kabisa, anapiga skrini ya laptopu picha kwa simu, anaandika "naombeni msaada programu imegoma", jibu la kwanza anapewa "nenda Google". Huyo humwoni tena.

Kuuliza vizuri nako ni ujuzi, lazima ufundishwe. Mgeni hajui kipi cha muhimu kwenye yale maandishi yaliyojaa skrini kwa hiyo yote yanamtisha. Mimi huwa namwambia "karibu sana, kopi maandishi yote uyabandike hapa, ila kusoma anza na mstari wa mwisho kabisa". Kwenye Python huo wa mwisho ndo unataja kosa, ya juu yake inaonyesha limetokea wapi. Basi anabandika, unakuta ModuleNotFoundError: No module named 'requests', yaani Python haijaiona requests, kifurushi cha ziada, na yeye anaapa ameshaiweka kwa pip, ile programu ya kuweka vifurushi vya Python, na kweli kaiweka! Mara nyingi shida ni kwamba kompyuta ina Python mbili, pip imepeleka kwenye moja, programu anaiendesha kwa nyingine. Namwambia aandike python -m pip install requests, na hiyo python iwe ileile anayoendeshea programu yake. Ikikubali namuuliza, sasa unadhani kwa nini mwanzo iligoma? Akishanieleza kwa maneno yake najua kaelewa, kesho atamsaidia mwenzake.

Stack Overflow, ile tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, na ukubwa wao wote, 2018 walikiri hadharani kwamba watu wengi hasa wanaoanza wanapaona pale ni mahali pa ukali, mwaka huohuo wakaanza kuweka alama kwa mchangiaji mpya ili wanaojibu wamvumilie. Huku kwetu ndo zaidi, maelekezo karibu yote ni Kiingereza, mtu anasoma kwa bando la kuungaunga na hata neno la kutafuta halijui. Ukimtumia linki mwambie asome kipande gani.

Najua swali lilelile kila wiki linachosha. Andikeni jibu moja lililonyooka mlipini juu ya grupu, na siku umechoka pita tu, mwingine atamjibu.