Choo fikivu ni choo cha namna gani?

Neno "fikivu" limetoka kwenye kitenzi fikia. Kwenye majengo linataja mahali ambapo mtu anaweza kufika, kuingia na kupatumia mwenyewe kwa usalama. Kwa hiyo choo fikivu ni kile ambacho mtu mwenye ulemavu anatoka alikokaa, anakifikia, anaingia, anafunga mlango, anajisaidia, anatawaza, ananawa na anarudi, habebwi wala haanguki. Nimeitaja safari nzima makusudi. Ikikatika mahali pamoja tu, choo hicho si fikivu, hata kama mlangoni pamechorwa kitimwendo.

Wengi wetu tunasema "choo cha walemavu", na mimi naona jina hilo limetuharibia. Linamfanya fundi afikirie chumba kimoja cha pembeni, na msimamizi wa jengo anakigeuza stoo ya mafagio na ndoo za deki. Hapa Dodoma nimeingia kwenye jengo jipya lenye choo cha aina hiyo, mshikio wa chuma unang'aa ukutani, lakini kabla ya mlango kuna ngazi tatu. Aliyepanga mshikio na aliyepanga ngazi hawakuzungumza. Na hili lina sheria yake: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inahusu ufikivu, kisha ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010.

Mimi dhana hii nilifundishwa na shangazi yangu, anayeishi Nkuhungu. Alipopata kiharusi, upande wa kulia ulilegea, akawa anatembelea gongo. Choo chake ni cha uani, cha kuchuchumaa, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa jikoni. Tukaona anakunywa maji kidogo sana, na chai ya jioni akawa anaikataa. Tulidhani ni ugonjwa. Siku moja akasema wazi: hataki kuwasumbua wajukuu wampeleke chooni usiku.

Tukamwita fundi uashi. Kizingiti kilikuwa na kimo cha sentimita 15. Kanuni ya mteremko ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za kwenda mbele, yaani kizingiti kile kilihitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi aliweka wa sentimita 90, ukawa mkali kama paa, tukaubomoa, ukajengwa upya kwa kanuni hiyo. Mlango wa bati uliokuwa unafungukia ndani tukaugeuza ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake mwenyewe unauzuia na waokoaji wanabaki nje wakisukuma. Sakafu ilikuwa imepigwa niru. Inapendeza kwa macho, ila ikilowa ni utelezi mtupu. Ilimwagwa upya, na zege likiwa bado bichi fundi akalikwaruza kwa fagio la chelewa.

Fundi wa kuchomelea akatengeneza kiti cha miguu minne chenye mipira chini, juu ubao wenye tundu, kimo sentimita 45, kinakaa juu ya shimo. Mshikio ni bomba la inchi moja, unene ambao kiganja kinaukamata vizuri, umbali wa sentimita 4 hivi kutoka ukutani ili vidole vipite lakini mkono usipenye na kunasa. Umewekwa kushoto, kwa kuwa mkono wa kushoto ndio wenye nguvu. Ncha zake zimezikwa kwenye zege ndani ya ukuta, maana skrubu kwenye tofali la kuchoma hung'oka. Kabla shangazi hajaugusa, fundi alining'inia kwa uzito wake wote.

Mtu wa kitimwendo angetaka zaidi ya hayo. Uwazi wa mlango uwe angalau sentimita 80, ukifika 90 ni bora, na upimwe mlango ukiwa umefunguliwa, kwani mlango wenyewe hula nafasi ya fremu. Ndani kuwe na duara la sentimita 150 la kugeukia, na nafasi kando ya kiti cha choo ya kuhamia. Asiyeona anahitaji ndoo na kopo vikae palepale kila siku, jambo ambalo halina gharama kabisa. Kiziwi hasikii hodi, kwa hiyo komeo lenye rangi inayoonyesha kuna mtu linamwondolea aibu. Na yule anayesaidiwa na mke au mume wake hawezi kugawanyika kati ya mlango wa wanawake na wa wanaume. Anahitaji chumba kimoja cha wote wawili.

Maji nayo yanasahaulika. Kwa mgao wetu, bomba lililo ukutani mara nyingi ni pambo, hivyo ndoo yenye koki iwekwe juu ya kigoda, mahali ambapo aliyekaa anaifikia bila kuinama.

Shangazi sasa anaenda peke yake mchana. Chai ya jioni bado anaiogopa, kwa sababu swichi ya taa ya choo iko juu sana, upande wa kulia wa mlango, na usiku lazima amwamshe mjukuu amwashie. Safari yake imekatikia hapo. Fundi umeme anakuja Jumamosi.