Ndimu haitulizi ngozi inayowasha

Huku Bukavu, toka Kadutu mpaka Ibanda, mtoto akijikuna utasikia: mpake ndimu, ikichoma ujue inafanya kazi. Hapana. Kule kuchoma ni asidi inayoingia kwenye mikwaruzo ya kucha, na inaniuma kuona watoto wakivumilia bure. Tena, ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kutoa malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki au miezi.

Chovya kitambaa safi katika maji baridi, kiweke dakika 10, halafu paka vazelini ngozi ingali na unyevu. Mkate mtoto kucha. Ila nyumba nzima ikijikuna, hasa usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (scabies): nendeni wote kituo cha afya, mtibiwe pamoja.