Kodi ya majengo kwenye LUKU: nani anadaiwa na nani amesamehewa

Katika kazi yangu ya ushauri wa kodi hapa Tanga, ninachoulizwa zaidi kuhusu kodi ya majengo si kiasi chake, bali ni nani hasa anayedaiwa. Utata huo ulianza Agosti 2021, Serikali ilipoanza kuikata kodi hiyo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU (umeme unaolipiwa kabla ya kutumika), kwa kuwa tangu hapo anayetoa fedha si lazima awe mwenye nyumba.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka, sawa na 1,500 kila mwezi, na jengo la ghorofa katika jiji kama letu hulipiwa 90,000 kwa kila sakafu. Chukulia nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, yenye vyumba sita vya wapangaji wanaotumia mita moja. Anayetangulia kununua umeme mwezi huo ndiye anayekuta makato ya 1,500 kwenye risiti, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na tozo za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na iwapo mita haikuongezwa umeme kwa miezi minne, hukutana na 6,000 kwa mpigo. Kisheria deni hilo ni la mwenye nyumba. Mpangaji atunze risiti zake na kukubaliana na mwenye nyumba namna ya kukata kiasi hicho kwenye pango. Kwa maoni yangu ni heri jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, maana makubaliano ya mdomo husahaulika pango linapodaiwa. Nyumba yenye mita mbili nayo huweza kukatwa mara mbili, na dawa yake ni kupeleka namba za mita zote TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ili jengo libaki na mita moja tu ya kodi.

Msamaha upo, lakini mita haijui umri wa mtu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa nyumba moja anayoimiliki na kuishi humo mwenyewe, na ni lazima aombe. Nyumba yake ya pili, aliyoipangisha, inaendelea kutozwa, hata kama pango lake ndilo linalomlisha. Nyumba za udongo na za nyasi zinazotumika kwa makazi hazitozwi. Msikiti na kanisa vimesamehewa kwa sababu ya ibada, si kwa sababu ya mmiliki, kwa hiyo fremu za maduka zilizojengwa pembeni ili kuingiza kipato haziingii katika msamaha huo. Hapa ndipo kamati nyingi za misikiti na makanisa hubisha.

Kwa wafanyabiashara, kodi ya majengo isichanganywe na kodi ya pango la ardhi, inayolipwa Wizara ya Ardhi kwa kiwanja chenye hati, wala na kodi ya zuio. Mwenye biashara aliyepanga fremu hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kisha akamkabidhi mwenye fremu cheti cha zuio, ambacho huyo atakitumia kupunguza kodi yake ya mapato.