Maji ya kijani si lazima yawe machafu

Watu wengi tumekua tukiamini kwamba maji ya bahari kwenye tangi au bwawa la samaki yakigeuka kijani basi yameharibika, dawa yake ni kuyamwaga. Wazo hilo linaeleweka, maana kweli kuna maji ya kijani yanayonuka na kuua samaki.

Lakini ule ukijani mara nyingi ni mwani mdogo sana, chembe moja ya aina iitwayo Nannochloropsis ina kama maikromita 2 hadi 4 tu (maikromita elfu moja ndo milimita moja), na wafugaji wanaukuza makusudi kwa mwanga, mbolea na hewa inayobubujika, kisha wanawalisha rotifa, yani vijidudu vidogo sana vya majini, na rotifa ndo wanaliwa na vifaranga wa samaki, na chaza wao wanaula moja kwa moja. Tena unafyonza amonia ya kinyesi cha samaki na kaboni dayoksaidi, yani unasafisha huku unalisha, kwangu hapo ndo uzuri wake wote.

Ila usiku mwani nao unatumia oksijeni, ukizidi samaki wanaanza kuhema juu ya maji alfajiri, na ukifa ghafla unaoza.

Sasa we mwenyewe chota glasi uinue kwenye mwanga: kijani kilichotawanyika sawasawa bila harufu mbaya ni dalili nzuri, ukiona mabonge, povu zito au rangi imegeuka kahawia ndani ya siku moja, chunguza. Bwawani zamisha kisahani cheupe, kikipotea kwenye sentimita 30 hadi 40 kwa kawaida hali iko sawa.